Kopo la oili kwenye Hilux ya dizeli: pima injini kwanza, nunua baadaye

Chomoa mpira mnene unaotoka kwenye intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ya Hilux ya dizeli iliyokwisha kutembea kilomita 150,000, halafu pitisha kidole ndani. Kidole kitatoka kinateleza, kina utando wa oili ya kahawia. Wengi wakiona hivyo huamini tabo (turbo) imekufa. Wengine hukimbilia dukani kununua kopo la kunasa oili, lile linalouzwa limeng'arishwa kwa rangi nyekundu au buluu. Yote mawili mara nyingi ni haraka tu. Utando mwembamba wa oili ni jambo la kawaida kwa injini ya tabo. La kujiuliza ni oili hiyo ni kiasi gani, inatoka wapi, na inakutana na nini ikifika mbele.

Hapa nazungumzia injini mbili za Toyota zilizojaa kwenye barabara zetu: 1KD-FTV ya ujazo wa cc 2,982, ile ya Hilux Vigo na Prado inayoandikwa 3.0 D-4D, na 1GD-FTV ya cc 2,755, iliyoingia sokoni mwaka 2015 na kuandikwa 2.8. Mwenye D-Max, Ranger au Navara ya dizeli atakuta mengi yanamhusu pia, maana kanuni ni ile ile.

Oili inapandaje mpaka kwenye intakula

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kwa asilimia mia. Kila mlipuko ndani ya silinda husukuma gesi kidogo ipite pembeni ya ringi na kuingia chini, kwenye sampu, bakuli la oili la injini. Gesi hiyo ni ya moto, ina mvuke wa maji, masizi na dizeli kidogo isiyoungua. Huko chini inakutana na kranki inayozunguka na kurusha oili kila upande, hivyo inapopanda kwenda juu inabeba oili katika chembe ndogo mithili ya ukungu. Isipopewa njia ya kutoka, shinikizo linapanda na sili za kranki zinaanza kuvuja. Ndiyo maana kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, kuna mpira unaoitoa gesi hiyo, ambayo hapa naiita pumzi, na kuirudisha kwenye bomba la hewa, katikati ya eya klina na tabo, ikaungue tena ndani ya injini.

Kiwandani wameshaweka kitenganishi chao ndani ya tapeti kava: vizuizi vya bati au plastiki vinavyoifanya gesi ipige kona ili matone mazito yaanguke na kurudi chini. Kinafanya kazi, lakini ukungu mwepesi unapita. Unaingia kwenye tabo, unapashwa joto, unapoa kwenye intakula, na sehemu yake inaganda kwenye kuta za mabomba. Kama mambo yangeishia hapo, kopo lisingekuwa na maana kubwa. Dizeli haijali matone machache ya oili, itayachoma.

Shida inaanzia kwenye EGR. Vali hiyo inarudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya manifodi ya kuingizia hewa ili kupunguza joto la mwako na oksidi za nitrojeni. Moshi ule una masizi makavu. Masizi makavu peke yake yangepita kwenda zake, lakini yakikuta ukuta uliolowa oili yananata. Tabaka juu ya tabaka, kilomita kwa kilomita, hadi manifodi inakuwa na utando mnene mweusi kama lami iliyochanganywa na unga. Tundu la kupitishia hewa linabanwa, sensa ya shinikizo la hewa inafunikwa na kuanza kutoa taarifa za uongo, vali ya EGR inakwama wazi nusu, gari linakuwa zito kupanda mlima na moshi mweusi unaongezeka. Dizeli inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna kinachosafisha manifodi wala migongo ya vali.

Kopo, linalofungwa katikati ya mpira ule wa pumzi, linakata upande mmoja wa mchanganyiko huo: oili. Masizi yataendelea kuingia, ila yatakosa gundi. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haliongezi nguvu wala halipunguzi ulaji wa mafuta, na manifodi iliyokwisha kuziba halitaizibua. Anayekuuzia kwa ahadi hizo, mwache. Na kama EGR ya gari lako haifanyi kazi tena, iwe imezibwa au imekufa, faida ya kopo inabaki ndogo sana.

Usiige video za Wamarekani bila kufikiri

Mafunzo mengi ya video ni ya pikapu za petroli, hasa Ford F-150 yenye EcoBoost, injini ya petroli yenye tabo. Kule injini ina vali ya PCV, ya kutolea pumzi ya sampu, inayovutwa na ombwe la manifodi, kisha gari likikanyagwa manifodi hiyo hiyo inajaa shinikizo la tabo, kwa hiyo wanahitaji vali za kuzuia kurudi na wakati mwingine makopo mawili, moja kwa kila njia. Kwenye dizeli yetu njia ni moja: tapeti kava kwenda kwenye bomba lililo kabla ya tabo. Ukiweka vali za kuzuia kurudi kwa kuiga, unaongeza kizuizi mahali ambapo gesi inatakiwa ipite bila kubanwa.

Na malori ya zamani, yale yenye bomba la kupumulia linaloning'inia chini karibu na gia boksi na kudondosha oili barabarani, hayahitaji kopo la aina hii. Pumzi yao haifiki kwenye tabo.

Kabla ya kununua chochote

Oili ikizidi kwenye mpira wa intakula, mara nyingi kuna sababu rahisi, na sababu hiyo inatibiwa bila kopo. Anza na kijiti cha kupimia. Injini hizi zinachukua oili lita 7 hivi pamoja na filta: 1KD chini kidogo ya 7, 1GD lita 7.5. Oili inauzwa kwa madumu ya lita 5, na fundi mwenye haraka huona taabu kubakiza, anamimina yote. Kiwango kikipita alama ya juu, kranki inaipiga oili hadi inatoa povu, na povu hilo linapanda na pumzi. Ondoa ziada hadi kiwango kiwe chini kidogo ya alama ya juu, endesha kilomita elfu moja, ndipo uangalie tena.

Halafu fungua eya klina. Hili halisemwi vya kutosha. Filta ikijaa vumbi, tabo inavuta hewa kwa nguvu zaidi kupitia bomba lile lile ambalo mpira wa kupumulia umeungwa. Mvuto unapanda, na oili inanyonywa kwa wingi kutoka kwenye tapeti kava, hata kupitia sili ya tabo yenyewe. Gari linaloshinda kwenye barabara ya vumbi na kubadilishiwa filta ya hewa kwa kalenda ya gari la mjini litakuwa na intakula yenye oili siku zote, uweke kopo usiweke.

Kwa wenye 1KD, kuna jambo la tatu, na hili lina uzito kuliko yote. Nozeli za injini hii, zinazomwaga dizeli ndani ya silinda, zimekaa chini ya tapeti kava, na kila moja inaziba kwenye kiti chake kwa washa ndogo. Washa za shaba za matoleo ya awali zilijulikana kwa kuvuja. Zikivuja, gesi ya mwako inapenya na kuingia moja kwa moja juu ya kichwa cha injini, inachanganyika na oili na kuipika hadi inakuwa mabonge meusi magumu. Mabonge hayo yanateremka hadi kwenye sampu na kuziba chujio la kunyonyea oili. Mwisho wake injini inakosa oili ikiwa njiani, na kranki inashika. Dalili yake mojawapo ni pumzi kubwa kwenye tapeti kava, ile ile ambayo mtu anataka kuitibu kwa kopo.

Kwa hiyo vua kifuniko cha kumiminia oili, chukua tochi, tazama ndani. Ukiona oili ya kawaida, nyeusi lakini laini, sawa. Ukiona ukoko mweusi kama masizi ya sufuria ya kuni, mkavu, unaokwanguka kwa kucha, acha mpango wa kopo. Shusha sampu ukague chujio, kisha badilisha washa zote nne za nozeli. Nozeli zikitolewa ziwekewe alama 1 hadi 4, kila moja irudi kwenye silinda yake, kwa sababu kompyuta ya gari imehifadhi namba ya marekebisho ya kila nozeli. Washa iliyowahi kukandamizwa hairudishwi hata kama inaonekana nzima.

Baada ya hapo ndipo kipimo cha pumzi yenyewe. Njia ya gereji zote ni kulegeza kifuniko cha oili injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, ukikigeuza na kukiweka juu ya tundu. Kikichezacheza, hakuna neno. Kikirushwa na moshi ukafuata kwa midundo, pistoni au washa zina tatizo. Ni kipimo cha kukadiria tu. Mimi napenda zaidi mpira wa maji, maana unatoa namba.

Tafuta mpira mwangavu wa mita 2, kama ule wa mafundi uashi wa kupimia usawa. Uukunje herufi U kwenye ubao, weka maji yenye rangi kidogo hadi nusu ya kila mkono, kisha unganisha ncha moja kwenye bomba la kijiti cha oili kwa namna isiyovuja. Ncha nyingine ibaki wazi. Acha nusu mita ya mpira mtupu juu ya maji, yasije yakavutwa ndani ya injini. Washa gari, lipate moto, soma maji likiwa silensi (linanguruma taratibu bila kukanyagwa), kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Tofauti ya kimo kati ya mikono miwili ndiyo shinikizo lako: sentimita 10 za maji ni karibu milibari 10. Andika namba hizo na uziweke, kwa kuwa utazihitaji siku ya kufunga kopo.

Vumbi, ambalo wauzaji hawalitaji

Mpira unaotoka kwenye kopo kurudi kwenye bomba la hewa unaingia baada ya filta. Fikiria maana yake. Kila kiungo unachoongeza hapo, kila klampu, kila ufa kwenye kopo, ni mlango ambao tabo inaweza kuvuta vumbi lisilochujwa. Mpira wa kiwandani una viungo viwili. Ukiweka kopo, unakuwa na viungo vinne vya mpira, kifuniko cha kopo chenye sili yake, na koki ya chini. Vyote vinatikiswa kutwa nzima.

Kwenye lami tupu hilo ni dogo. Kwenye barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, nyuma ya basi, uvujaji wa upana wa sindano unatosha kula mapanga ya tabo na kusugua ringi. Kopo lililofungwa ovyo linaweza kuua injini ambayo bila kopo ingefika kilomita 400,000 salama. Kama huna fundi unayemwamini kwa klampu, acha mpira wa kiwandani mahali pake.

Kosa la pili la namna hiyo ni kopo la wazi, lenye kichujio kidogo juu, linalotoa pumzi hewani huku tundu la kwenye bomba la hewa likizibwa kwa plagi. Chumba cha injini kinalowa oili, vumbi linaganda juu yake, harufu inaingia ndani ya kebini kupitia feni, na plagi ikitoka ni yale yale ya vumbi. Gari la mashindano linavumilia hayo. Gari la kazi lisifungiwe.

Kopo la kuchagua

Makopo mengi ya bei nafuu ni mtungi mtupu wa aluminiamu wenye matundu mawili. Gesi inaingia upande huu na kutoka upande ule bila kuguswa na kitu. Chembe nyingi za ukungu wa oili ni ndogo kuliko maikroni 2, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Mtungi mtupu utanasa maji na matone makubwa, yale ambayo kitenganishi cha kiwandani kilikuwa tayari kinayapunguza, na ukungu utapita kama kawaida. Usikubali fundi akujazie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nyuzi hizo zinakatika kwa mtikisiko, na kipande kimoja kikivutwa kinakutana na panga la tabo linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Tafuta kopo lenye kichujio cha kubadilishwa, ambacho nyuzi zake zinaunganisha chembe ndogo hadi ziwe tone linaloanguka. ProVent 200 ya Mann+Hummel ndiyo inayofungwa sana kwenye pikapu za dizeli Australia, na ina jambo moja ambalo mitungi ya rangi haina: vali ya usalama. Kichujio kikiziba kwa kusahauliwa, vali inafunguka na pumzi inatoka nje badala ya kurundikana kwenye sampu. Umuhimu wake ni huu: oili ya tabo inarudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Shinikizo la sampu likipanda, oili hiyo inakosa njia, inajaa kwenye nyumba ya tabo na kupita sili, kwenda kwenye intakula au eksozi. Mtu anabadilisha tabo nzima, kumbe kichujio cha kopo ndicho kilichoziba. Bidhaa hii inaigwa pia, kwa hiyo fungua kifuniko dukani kabla ya kulipa: angalia sili ya mpira imekaa vizuri kwenye mfereji wake, na kichujio kina uzito, si sponji.

Matundu ya kopo yasiwe membamba kuliko mpira wa kiwandani. Pima mpira wako kwa vernia, usikisie. Makopo yenye matundu ya milimita 10 au 12 ni ya magari madogo. Ukifunga kwenye injini ya lita 3 unakaba shingo yake.

Kufunga

Siku ya kazi uwe na haya: kopo na breketi ya bati la milimita 3, mita 1.5 hadi 2 za hosi ya kustahimili oili, vipunguzio kama matundu hayalingani, klampu sita, bolti za M8 zenye nati za kujifunga, koki ndogo ya shaba na sentimita 60 za hosi nyembamba ya kumwagia. Hosi ndiyo watu wanaokosea. Mpira wa rejeta au wa hita umetengenezwa kwa maji na kulanti, maji ya dawa ya kupozea injini. Ukipitisha oili unavimba, unalainika na kuteleza kwenye klampu baada ya miezi michache, huku kwa nje unaonekana mzima. Uliza hosi ya oili au ya dizeli, na usome maandishi ya pembeni kabla haijakatwa.

Ikiwa intakula ina oili iliyotuama, imwage kwanza. Legeza bomba la chini, weka beseni, iache saa moja. Oili ya kutosha ikivutwa kwa mkupuo, injini ya dizeli inaweza kukimbia yenyewe, inachoma oili badala ya dizeli, na kuzima ufunguo kunaweza kusiisimamishe. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ife. Kwa otomatiki inabidi kuikosesha hewa, kuziba mdomo wa eya klina kwa kitu kigumu, kamwe si kwa mkono.

Manifodi iliyokwisha kubanwa isafishwe kabla ya kopo, la sivyo unafunga mlango ng'ombe ameshaingia shambani. Ifunguliwe itoke nje, ikwanguliwe kwa mbao na brashi, ilowekwe kwenye mafuta ya taa au dizeli, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa, irudi na gasketi mpya. Kostiki soda ya watengeneza sabuni usiitumie. Inakula aluminiamu mbele ya macho yako. Na usipulizie dawa ya kusafishia injini ikiwa inanguruma, kipande cha lami kikibanduka hakuna anayejua kitasimama wapi.

Kopo likae kwenye bodi ya gari, si kwenye injini, upande ulio mbali na tabo na eksozi. Injini inacheza kwenye mauntini zake kila unapoikanyaga, hivyo ipe hosi ulegevu wa vidole vitatu. Mdomo wa kuingilia wa kopo uwe sawa au chini kidogo ya tundu la tapeti kava, hosi iteremke mfululizo hadi pale, na ile ya kutoka ipande kurudi kwenye bomba la hewa. Usiruhusu hosi itengeneze tumbo. Maji na oili vitalala ndani ya tumbo hilo, na siku yakijaa njia imezibwa kana kwamba umeipigia kizibo.

Klampu za skrubu zenye matundu zinakata mpira laini, na mpira ukishapata joto na kupoa mara kadhaa zinalegea. Zile za springi za kiwandani ni bora kwa sababu zinafuata mpira unavyovimba na kusinyaa, zirudishie popote zinapoenea. Kwingine tumia za skrubu zenye bati zima, kisha zikaze tena baada ya kilomita 500.

Kabla ya kuunganisha kwenye injini, jaribu mfumo ukiwa pembeni: ziba ncha ya kutoka kwa kidole gumba, puliza kwa mdomo kwenye ncha ya kuingilia, mwenzako apake povu la sabuni kwenye kila kiungo, kifuniko na koki. Kukitokea hata kipovu kimoja, rudia. Ukishaunganisha, rudisha ule mpira wa maji kwenye bomba la kijiti na usome tena silensi na mizunguko 2,500. Namba ikipanda zaidi ya sentimita 2 au 3 kuliko ulizoandika mwanzo, kopo linakaba: hosi imekunjika, kipunguzio ni chembamba, au kopo ni dogo.

Mpira wa kiwandani uhifadhi na klipu zake. Kwa gari lililo bado kwenye dhamana utauhitaji siku ya kwenda sevisi, na hata lililotoka kwenye dhamana, siku kopo likipasuka safarini unaurudisha kwa dakika 10 na kuendelea na safari.

Kulitunza

Mwezi wa kwanza limwage kila kilomita 1,000 ujue injini yako inatoa kiasi gani. Tumia bomba la sindano lenye alama za mililita, andika tarehe, kilomita na kiasi. Baadaye kumwaga wakati wa kubadilisha oili kunatosha kwa gari la safari ndefu za joto. Gari la Njombe, Mbeya au Limuru linalokwenda safari fupi asubuhi za baridi litatoa maji mengi, limwagwe kila wiki mbili. Injini izimwe kwanza. Kopo lipo upande wa mvuto, kwa hiyo koki ikifunguliwa injini ikinguruma itavuta hewa ya chini, na vumbi lake. Kwa sababu hiyo hiyo koki isiachwe wazi ikidondokea kwenye chupa isiyo na kizibo.

Kinachotoka kinasema mengi. Uji wa rangi ya chai ya maziwa ni maji na oili, ni wa kawaida kwa safari fupi. Ukiona uji huo na huku kulanti inapungua kwenye chupa yake, usiisingizie baridi, kapime gasketi ya kichwa. Harufu kali ya dizeli ni nozeli inayodondosha. Oili safi nyingi, ukapime tena kijiti, kisha ringi. Nyeusi nzito yenye mabonge kwenye 1KD, rudi kwenye washa za nozeli siku hiyo hiyo. Na kiasi kikiruka ghafla, hata rangi ikiwa nzuri, ujue kuna kilichobadilika ndani.

Kichujio ningekibadilisha kila kilomita 40,000 au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama mpira wa maji unaonyesha shinikizo linapanda. Hakioshwi kwa petroli kikarudishwa.

Nani afunge, basi? Mwenye 1GD au 1KD yenye pumzi ya kawaida, EGR inayofanya kazi, anayekusudia kukaa na gari miaka mingi na aliye tayari kulifungua boneti kila mwezi: afunge, ataiona tofauti siku ya kufungua manifodi. Mwenye injini iliyochoka, fedha hizo aziweke kwenye ringi au washa. Gari la kampuni linaloendeshwa na madereva watano, ambapo hakuna mmoja atakayekumbuka koki, liachwe kama lilivyotoka kiwandani na libadilishiwe filta ya hewa kwa wakati.

Baada ya kilomita 500 za kwanza kwenye vumbi, vua hosi ya kurudi kwenye bomba la hewa na ufute ndani ya mdomo wake kwa kitambaa cheupe kikavu. Utando wa oili peke yake ni sawa. Ukiona mstari mwekundu au wa kijivu, ambao ukiusaga kati ya vidole unakwaruza, kuna kiungo kinavuta hewa ya nje. Anzia kwenye kifuniko cha kopo, kisha koki, halafu klampu moja moja kuelekea kwenye tabo, na gari lisitoke mpaka ukipate. Oili chafu uliyoimwaga isirudishwe kwenye injini, ina maji, tindikali na dizeli ndani yake. Itie kwenye dumu moja na oili ya sevisi, iende na wanaokusanya oili chakavu.